Jiwe Lililokula Husuda

Ilala, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya alasiri

Dada yangu Maimuna,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu unaniambia, Abdulswamad umeanza, halafu unakata. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza. Sisi huku wazima. Mke wangu Sitara anakusalimu sana, goti lake limepata nafuu, na anasema ule ubuyu uliomletea ameumaliza peke yake bila aibu.

Sitakuuliza hali yako kama watu wanavyoulizana ili waitikiwe "salama" wapite zao. Hali yako kaniambia binti yako Fatuma. Kaniambia kuhusu uvimbe wa titi, na kwamba daktari alisema ukikatwa mapema unatibika. Kaniambia ulipewa siku ya kulazwa, na siku hiyo ukashinda jikoni kwako Pangani unakuna nazi. Sababu, anasema, ni pete. Barua hii inahusu pete hiyo. Nivumilie, maana nitaanzia mbali kidogo.

Unakumbuka ulivyonicheka uliponikuta uani nimeinamia gurudumu, nasaga jiwe? Ulisema mwanamume mzima, vitabu vyote vile, mwisho wake kula changarawe kama kuku. Nilikujibu kwa hotuba. Nilisema nchi hii inatoa mawe kila pembe, yanaondoka ghafi ndani ya magunia, yanarudi yameng'aa yakiwa na bei ya kigeni, na sisi tunabaki kuyachungulia kwenye vioo vya maduka. Nilisema hata mtu mmoja, na mota aliyoing'oa kwenye mashine mbovu ya kufulia, anaweza kuanza kukataa. Hotuba ilikuwa nzuri. Wewe ulisinzia.

Ilikuwa starehe tu wakati ule. Unalibandika jiwe kwenye kijiti kwa lakiri ya moto, unalipeleka kwenye gurudumu lenye maji, unalizungusha mpaka pembe zife. Kisha unalisugua kwa ngozi na unga wa kung'arishia mpaka uone dirisha la nyumba yako ndani yake. Baada ya mchana mzima wa kugombana na wahariri, jiwe lilikuwa kitu pekee nilichoweza kukirekebisha. Halafu gazeti likaacha kuchapa makala zangu. Waliniambia wasomaji wa leo wanataka vitu vifupi. Nikawaambia hata kaburi ni fupi. Ndivyo starehe ilivyogeuka riziki.

Mudi, kitinda mimba wetu, ndiye aliyenishauri. Alisema nikate, yeye atauza kwenye kibaraza chake cha Mtaa wa Narung'ombe, pale Kariakoo, alipokuwa akiuza mikanda na saa. Mzee Indravadan, sonara wa Kisutu, alikubali kutupachikia mawe kwenye pete za fedha. Nilichagua akiki, kwa sababu watu wetu wa pwani wanaipenda na haina kiburi cha bei. Niliweka sheria moja: jiwe lenye ufa haliendi sokoni. Ufa wa akiki hauonekani kirahisi. Unalilowesha jiwe, unaliweka kivulini, unasubiri. Uso wote ukikauka na mstari mmoja ukabaki na unyevu, basi huo ndio ufa. Jiwe kama hilo nalitupa kwenye ndoo chini ya mashine, hata kama rangi yake inanililia.

Mwezi uliopita nilikwenda Kisutu kumsalimu Mzee Indravadan. Akanitazama juu ya miwani, akaniuliza kama macho yangu yameanza kuzeeka. Nikamwambia yanaona vizuri tu. Akasema, "Bwana, mbona basi ndugu yako ananiletea mawe yenye nyufa? Nilidhani unajua. Nikanyamaza, mtu asiambiwe kipofu na rafiki yake." Alicheka, na akanionyesha matatu yaliyokuwa mezani. Niliyajua yote, Dada. Yalitoka kwenye ndoo yangu.

Nilitembea kwa miguu mpaka Kariakoo, hasira ikinisukuma kuliko mikokoteni. Nikasimama nyuma ya mwuza mashuka, nikamsikiliza mdogo wetu akimhudumia mama mmoja mwenye baibui. Sauti yake ilikuwa tamu kama ya mpatanishi wa ndoa. "Mama yangu, hili likipasuka usilie. Shukuru. Ujue limekula husuda iliyokuwa inakuja kwako. Njoo nikupe jingine." Ubavuni mwa kibaraza alikuwa amebandika makala yangu mwenyewe, ile niliyowashambulia wauza pete za bahati. Ameikata mistari yote ya matusi, akabakiza kichwa kisemacho nguvu ya pete mjini.

Nilipomkabili hakutahayari. Alisema mawe yangu mazima yanauzwa mara moja basi, lakini lenye ufa humrudisha mteja, tena anarudi akiwa na furaha. Nikamwita tapeli mbele ya watu. Akaniambia, "Kaka, wewe unauza mawe. Mimi nauza usingizi." Nilimjibu mengi, unanijua. Nilimwambia usingizi huo ndio unaoiua nchi hii, kwamba mtu anayeuziwa kinga ya uongo haendi kutafuta ya kweli. Wakati nasema hivyo sikujua kwamba namzungumzia dada yangu.

Siku ya pili Fatuma akaja nyumbani na begi lake, macho yamevimba. Akatoa simu, akanionyesha picha ya ile akiki uliyoletewa na Mudi wakati wa Idi. Vipande viwili juu ya kitambaa cheupe. Akasema ilipasuka mkononi mwako siku ileile uliyotoka kwa daktari. Ukapiga kigelegele, ukasema maradhi yamehamia kwenye jiwe, na mtu aliyekwisha kukingwa hakatwi.

Dada, jiwe lile ni jekundu la kuiva, lina uzi mweupe pembeni kama ukingo wa kanga. Nililikata mimi. Nililipenda. Nilililowesha, nikaliweka kivulini, na mstari ukabaki na unyevu, ukakatiza pale katikati ambapo kwenye picha limeachana. Nikalitupa kwenye ndoo. Fatuma anasema ulikuwa umetoka kuepua sufuria ya uji, mvuke umekupiga mkono, ukauchovya kwenye ndoo ya maji. Moto na baridi juu ya jiwe lenye ufa. Lingepasuka hata kwenye kidole cha maiti. Halikula kitu. Uvimbe uko palepale ulipokuwa, isipokuwa sasa umepewa muda wa kukua.

Usinijibu kwamba wacha Mungu walivaa akiki tangu zamani. Walivaa, nami sina ugomvi nao. Walivaa na bado walipougua walitafuta tabibu.

Nilimwita Mudi nikamwekea simu mezani. Alilia, na hakuwa analia kwa kunaswa. Nilimuuliza aliwezaje kumvisha dada yake mwenyewe jiwe la kwenye ndoo. Akasema alichagua zuri kuliko yote, na kwamba maneno yale ameyasema mara nyingi mno, siku hizi hajui tena kama hayaamini. Akanyoosha mkono. Na yeye amevaa. Dada, tapeli ningemshinda kwa hoja. Mtu aliyenunua bidhaa yake mwenyewe nitamshindaje?

Kisha akatoa shauri. Akasema tukikuandikia ukweli hutasikia, kwa kuwa utatoka kwangu. Tukupelekee pete nyingine, tukuambie ya kwanza ilikula husuda na ya pili ndiyo ya kukusindikiza kwenye kisu, na kwamba isipofika hospitali kazi ya ile ya kwanza inabatilika. Nilisimama kumfukuza nyumbani kwangu. Fatuma akanishika mkono, akasema, "Mjomba, mimi sitaki kujua nani ana haki. Mimi namtaka mama."

Kwa hiyo sikiliza, maana hili hajui mtu mwingine ila hao wawili na Sitara. Jiwe la pete ya pili nimelikata mimi. Mimi niliyeandika nusu ya umri wangu kwamba uongo mzuri ni uongo vilevile, nimekaa uani siku mbili nautengenezea uongo uso wake, nikausugua mpaka nikaona dirisha. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sijapata kuona aibu namna hii. Mashine nimeifungua, mota nimempa jirani. Sitakata tena.

Pete anayo Fatuma, na maneno ya Mudi anayo kichwani. Barua ndiyo hii. Tangu utotoni hujapata kuniamini katika ubishi wowote, na leo sikuombi uanze. Ukiniamini, nenda kwa sababu ya daktari. Usiponiamini, ivae, uende kwa sababu ya pete. Siku mpya ya kulazwa ni Jumatano, Fatuma amekwisha kuiomba.

Msalimie sana Shemeji Sadalla, umwambie asikuache upande gari peke yako. Wape salamu majirani wote, na wale watakaokuja kukushauri ubaki, waambie kaka yao wa Dar anawaomba wakae kimya kwa mara moja. Mimi nitakuwa nje ya geti la hospitali tangu asubuhi. Kabla ya kukuingiza ndani watakuambia uvue kila kitu cha vidoleni. Vua, Dada, umpe Fatuma. Usibishane nao. Kubishana niachie mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Abdulswamad