Zamu Yako Ilipofika Wamaza

Ramazani,

Kabla ya mvua kuanza walitundika picha yako kwenye ukumbi wa chuo, hapa Kasongo, juu ya kitambaa chenye jina la ule mtandao wa vyuo vikuu. Ni ile picha tuliyopigwa pamoja tulipokuwa walimu vijana Wamaza. Mimi wamenikata. Limebaki bega langu la kushoto, na mtu asiyejua atadhani ulikuwa umeegemea nguzo.

Nilikaa mstari wa tatu nikiangalia bega langu, wageni kutoka Kindu wakisoma sifa zako. Nakuambia hili mapema ili usifikiri nakuandikia kwa machozi tu. Machozi yapo. Lakini tangu ulipotutoka, kilichonijaa zaidi ni wivu. Wewe ulizaliwa Kasongo, ukafundisha Kasongo, ukafia kitandani mwako, ukazikwa kando ya baba yako. Mimi ni mtu wa Wamaza ninayekaa kwa watu. Nilikuja mjini wakati wa vita na mkeka na vitabu vichache, na mpaka leo majirani wakinitambulisha kwa mgeni husema, "Huyu ni muzee mukimbizi." Nimeshazika mke hapa, na bado ni muzee mukimbizi.

Basi wakasimama kueleza kazi yako. Mtandao umekubali kwamba kila chuo kiingize maendeleo endelevu katika masomo yake yote. Si kilimo peke yake. Mwalimu wa sheria aonyeshe udongo unaingilia wapi katika sheria, mwalimu wa uuguzi aonyeshe maji, mwalimu wa hesabu aonyeshe msitu unaokatwa kwa ajili ya mpunga. Na kila mwanafunzi, awe wa idara gani, aingie katika likelemba ya jembe: leo wote wanalima kwako, wiki ijayo kwangu, mpaka kila mmoja apate zamu yake. Profesa mmoja akasema njia hiyo ilizaliwa hapa Kasongo, katika akili ya Ramazani.

Kasongo! Nilitaka kusimama. Nadhani aibu ilinishika.

Unajua ilizaliwa wapi. Ilizaliwa kwenye mteremko wa baba yangu. Ulikuja Wamaza ukiwa mwalimu mpya wa jografia, mtoto wa watu wa duka, viatu vinang'aa, na Jumamosi ya kwanza nikakuchukua kwenye likelemba ya nyumbani kwetu. Mikono yako ilitoka malengelenge hata kabla jua halijapanda. Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini: "Huyu mutoto wa duka anapiga udongo sawa vile anapiga inzi!" Ukamjibu, "Mama, mimi niko najua kupima. Kuchimba, utanifundisha." Tangu siku ile alikupenda kuliko mimi. Hilo nalo sijalisahau.

Kitu kilichokushangaza hakikuwa jembe, kilikuwa ile desturi ya kuuliza. Kabla kikundi hakijafungua kipande kipya kwa mwenye zamu, mkubwa wa likelemba humwuliza, "Unalaza wapi?" Naye lazima awaonyeshe kipande cha zamani anachokipumzisha mwaka huo, waende wakione kwa macho. Asiye na kipande kilicholala hapati zamu. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida kama kunawa mikono kabla ya kula. Wewe ulikaa ukiegemea ukuta wa nyumba yetu jioni nzima ukiliwaza, na miaka mingi baadaye ukalifanya somo. Kweli, kila ulipofundisha ulikuwa ukinitaja: "Mambo haya nilipewa na Pascal, mutu wa Wamaza." Nilikusikia kwa masikio yangu. Lakini ulinitaja kwa mdomo, na waliokufuata wameandika, na katika kuandika nimeanguka njiani.

Sasa sikia kilichotokea baada ya hotuba.

Ulikuwa umejiandikisha katika likelemba ya wanafunzi kama mwanachama yeyote. Ulilima kwao wote, na uzee wako ule, na ukafa zamu yako haijafika. Asistanti Furaha, yule binti anayeshughulikia mambo ya mtandao hapa Kasongo, akasema kwa upole kwamba itabidi jina lako liondolewe, kwa kuwa mufu hana shamba la kulima. Ukumbi ukalipuka. Msichana wa uuguzi akaruka juu: "Hapana, Asistanti! Amelima kwetu, alitoka jasho kwetu. Zamu inabaki kwa nyumba yake!" Mwingine nyuma akapiga kelele, "Au munataka atudai usiku kwa ndoto?" Watu wakacheka, hata wale wa Kindu. Wakaamua waende kwa mke wako, aseme wakalime wapi.

Mama Asha alikuwa anatwanga majani ya sombe. Nilifuatana nao, maana nyumba yako ndiyo nyumba yangu. Aliwasikiliza mpaka mwisho, mtwangio mkononi. Kisha akasema shamba lenu la njia ya Nyangwe limechoka na yeye amelilaza, hana la kufungua mwaka huu. Akaninyooshea kidole.

"Muende kwa Papa Pascal. Wamaza."

Hakulisema kwa huruma, wala kwa wosia wako. Alilisema kama mtu anayempa jirani chumvi iliyozidi. Lakini alijua, na wewe ulijua kabla hujafa, kwamba mkubwa wa kijiji chetu alikuwa amenitumia neno: kama mteremko wa baba yangu haulimwi msimu huu, atawapa watu wa dhahabu waliotoka upande wa Lusangi waanze kuuchimba. Nani angeulima? Ndugu zangu wamekufa au wametawanyika, na mimi siwezi kufungua msitu peke yangu. Sikuwa na njia nyingine. Ardhi ya baba yangu ilikuwa inaokolewa na zamu ya Ramazani.

Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa nikibishana na wewe kitandani. Kwa nini iwe kwako hata hiyo? Picha ni yako, somo ni lako, mama yangu alikuwa wako. Na sasa mteremko nao ubaki kwa jina lako? Mara mbili nilivaa viatu niende kumwambia Mama Asha awape wengine. Mara mbili nikayaona moyoni mashimo ya dhahabu, yale maji mekundu yanayotiririka kutoka mashimoni, nikavua viatu.

Nilikwenda kwa pikipiki. Kiuno changu kitanikumbusha mpaka nikufuate. Wanafunzi wa Kasongo waliokuja nami walikuwa wachache, njia ni mbaya na ni mbali. Lakini hapo, kwa kweli, ndipo nilipouelewa mtandao wako kuliko pale ukumbini. Chuo cha Kabambare, kilicho karibu zaidi na Wamaza, nacho kimo ndani yake. Tulipofika, vijana wa Kabambare walikuwa wamekwisha fika na majembe yao, wengi, hakuna hata mmoja aliyewahi kukuona. Walikuja kumlimia mtu wasiyemjua, wa chuo kingine, kwa sababu zamu ni zamu. Zamani likelemba yetu ilikuwa inaishia pale sauti ya mtu inapoishia. Wewe uliitoa hapo. Hilo sikukufundisha mimi, na nakiri nilitamani lingekuwa langu.

Nilikuwa sijaiona Wamaza tangu tulipokimbia. Nyumba haipo, hata mawe ya meko hayapo. Mteremko wote umekuwa msitu, miti minene kuliko mapaja yangu. Mkubwa wa kijiji alikuja na kiti chake kuangalia, na wale watu wa dhahabu walisimama barabarani mikono mfukoni. Kiongozi wa wanafunzi, kijana mrefu wa Kabambare, akanijia kwa heshima akauliza kama somo lako linavyotaka:

"Papa, unalaza wapi?"

 Nikamwonyesha kilima kizima.

"Vyote, mwanangu. Vyote vimelala tangu vita."

  Yule kijana akasema polepole, "Basi hatutakiamsha chote." Tukakubaliana tufungue kipande cha chini tu, karibu na barabara, ambapo miti bado ni midogo, na juu pabaki msitu. Mkubwa wa kijiji akaitikia kwa kichwa kwamba hicho kinatosha kuonyesha shamba lina mwenyewe.

Sasa unakumbuka desturi inayofuata. Mwenye zamu halimi. Anakaa kitako, anaangalia chakula, anaonyesha mpaka uko wapi, na watu wanalima mbele yake kwa jina lake. Wakaniwekea kigogo nikae. Ramazani, ni ardhi ya baba yangu, nilikuwa na haki ya kukaa! Vijana walikuwa wakinisubiri niketi ndipo waanze, na nilijua kwamba nikiketi, kijiji chote kitasema Pascal amerudi na watu wake, na jina lako halitatajwa pale kabisa. Safari hii ungekatwa wewe, likabaki bega lako tu. Nilikitazama kile kigogo kwa muda. Nilikitamani.

Kisha nikamnyang'anya yule kijana jembe.

"Papa!" wakapiga kelele. "Mwenye zamu halimi!"

"Mwenye zamu hayuko," nikasema. "Amelala Kasongo. Anaitwa Mwalimu Ramazani. Mimi nimekuja kulima kwake, kama nyinyi."

Nililima kidogo tu, pumzi ikaisha. Msichana wa uuguzi alinipa maji akanikemea kama bibi yangu: "Papa Pascal, ukitufia hapa, tutaongeza zamu ingine ya mufu!" Mkubwa wa kijiji alicheka mpaka akakohoa. Hadi jua linakwenda upande, kipande kilikuwa wazi, na watu wa dhahabu walikuwa wamekwenda zao.

Usifikiri nilifanya vile kwa sababu wivu uliniisha. Haujaniisha. Nilifanya kwa sababu ulilima kwao wote, na hesabu ya likelemba naiheshimu kuliko ninavyokuonea uchungu. Tena nilimwandikia Asistanti Furaha, kwa wino na kwa Kifaransa safi, kwamba njia hii ilizaliwa Wamaza na ikakua Kasongo. Amejibu watarekebisha. Tutaona.

Na kuna jambo moja hukulijua, wewe mtaalamu. Aliyelima kwa mwenzake mbele ya kikundi amekwisha ingia. Jina langu sasa limo katika likelemba ya mtandao, la mwisho kabisa, chini ya vijana wanaoweza kuwa wajukuu zangu.

Basi pumzika, ndugu yangu, mutoto wa duka. Mungu akuangazie huko. Ahadi yangu ni hii: nitakwenda kwenye zamu zao zote, hata kama kazi yangu itakuwa kubeba maji, kwa wale wa Kasongo na kwa wale wa Kabambare nisiowajua, mpaka yangu ifike. Siku hiyo nitakaa kitako mbele ya watu wote, sitagusa jembe, na watalima kwa jina la Pascal. Wewe utatazama, na safari hiyo utanionea wivu wewe.

Wako,
Pascal, mtu wa Wamaza