Mawe Mekundu ya Takunda

Saa kumi na robo alasiri, ukungu umefunika mlima wote. Rumbi, usimwambie mama chochote kwanza.

Takunda amejenga jiko la kuchomea mahindi kwa mawe mekundu. Mawe mekundu, Rumbi, huku Chimanimani. Mdogo wangu amekulia Joburg, lakini hata hivyo.

Askari wa hifadhi, mzee Mlambo, amefika, akalitazama lile jiko, akauliza taratibu, "Kijana, haya umeyatoa wapi?"

"Juu kule, mzee, kando ya njia. Yalikuwa yamekaa bure, nikayapa kazi." Na anacheka.

"Yamekaa bure? Hayo ndiyo yanayoonyesha mabomu ya vita yalipozikwa. Nani bado yuko juu?"

Nani bado yuko juu. Dada Chiedza. Alibaki nyuma kuwapiga picha pofu, wale swala wakubwa, akasema tutangulie, yeye atashuka akifuata mawe mekundu ya kando ya njia.

Mlambo ametukataza kupanda. "Mnataka nibebe maiti wangapi?" Amepuliza filimbi ili Chiedza asimame hapo alipo. Takunda hacheki tena.

Tumesikia mlipuko. Mmoja.

Nimempigia Chiedza mara tatu. Simu inaita, hapokei.