Dakika Moja ya Fungate

Ndiyo, dada, na jibu la lile swali lako la mwisho ni kwamba nywele ananichana mwenyewe, kwa mikono ile ile inayochora njia za mlimani. U hali gani lakini? Na mama, mgongo umepata nafuu? Sisi huku wazima wa mwili tu.

Mume wangu, dada! Wiki mbili za ndoa na bado nikisikia buti zake mlangoni moyo unaruka kama chura. Kazi yake ya uhandisi alinifundisha mezani, akirundika unga kuwa mlima na kuutoboa kwa kijiko. Handaki la reli ni refu mno kuchimbwa kutoka ncha mbili pekee, kwa hiyo alichora njia ya mteremko, itobolewe ubavuni mwa mlima, ishuke hadi katikati, watu wachimbe huku na huku. Ubaya wake, alisema, maji yakitokea hayana pa kwenda ila chini waliko watu. Ndiyo maana kila baada ya hatua thelathini hutoboa kwanza tundu jembamba mbele. Likitoka kavu, ndipo anawaruhusu waendelee.

Basi tulipokuwa fungate, maji yalipasua mwamba. Watu tisa wako chini, pamoja na msimamizi wao, mzee wanayemwita Taratibu kwa sababu hata mlango uliokwisha funguliwa anauombea ruhusa. Leo ni siku ya kumi na moja. Pampu zinavuta, maji hayashuki hata shubiri. Tangu juzi hakuna anayegonga bomba kutoka chini kuashiria kwamba yu hai.

Waliokuwa juu wanasema Taratibu alipiga simu, kisha akatangaza kwamba mhandisi ameagiza waendelee bila tundu. Mume wangu aliapa hakuongea na mtu. Wachunguzi wakamletea rekodi: simu yake ilipokelewa, dakika nzima. Tangu hapo halali, hali. Jana aliniambia labda aliijibu usingizini, na kwamba leo anakwenda kutia saini kuwa agizo ni lake. Hicho ni kifungo, dada.

Hakuijibu. Alikuwa amelala mchana ule, kichwa kifuani pangu, simu ikalia nikaipokea mimi kwa kunong'ona. Mzee akauliza, kwa adabu zake zote, kama wamsubiri bwana aje kutoboa tundu au waendelee. Nikajua wakisubiri ataitwa kesho yake, na fungate yetu ilikuwa imebakiza siku tatu. Nikamwambia, "Amesema endeleeni." Mzee akatuombea heri ya ndoa. Kisha nikaifuta ile simu kwenye orodha ya waliopiga, asije akaiona.

Asubuhi hii nimemwambia, akiwa anafunga kamba za buti. Afadhali angefoka. Aliuliza tu, "Kwa nini hukuniamsha?" Nikasema alikuwa amelala vizuri. Akamaliza kufunga kamba, akatoka, chai akaiacha. Hata hivyo nampenda, dada.

Nikishaituma barua hii nakwenda kwa wachunguzi. Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mama usimsomee, nitamweleza kwa mdomo wangu.

Ni mimi mdogo wako, kwa leo bado mke wa mtu. Wakiniachia, nitakuja kabla mwezi huu haujaisha. Tandika kitanda kidogo, nitakuja peke yangu.