Wabanguaji wa Alfajiri

Kitangari, Newala
17 Machi 1957

Dada yangu Lois,

Shikamoo. Natumaini u mzima wewe na shemeji Ambrosi, na kwamba mwanangu Stamili hakusumbui na anakwenda shule bila kusukumwa. Mimi sijambo. Mvua zinanyesha, na asubuhi ukungu unashuka mzito hata mtu hamwoni mbuzi wake mwenyewe.

Dada, nimeanza. Yale mliyonifundisha na wenzako nilipokuja Masasi sikuyaacha njiani. Nimewakusanya wanawake wanne, akiwamo Bimdogo, mke wa Alfani mnunuzi wa korosho, na Scholastika, yule mrefu. Unajua desturi ya huku, korosho za mavuno ni za mume na zinakwenda dukani na maganda yake, lakini zinazosalia chini ya miti baada ya mavuno ni za mwanamke, haulizwi. Basi tumechanga masalia yetu. Tunakaanga na kubangua uani kwangu, kwa kuwa mimi mjane sina wa kuniuliza moshi huu wa nini. Uso na mikono tunapaka majivu kama mlivyonionyesha, mafuta ya ganda yasituunguze, na kinywani tunafunga kitambaa kwa ajili ya moshi. Ukituona utacheka mpaka udondoke.

Tunafanya alfajiri, kabla waume hawajaamka. Hilo aliliomba Bimdogo. Anasema Alfani akijua atazichukua zote azipime kwenye mizani yake. Nimekubali. Nataka Stamili asome hadi wachoke wao kumfundisha, na kwa jembe peke yake sitafika.

Mdogo wako,
Sikudhani


Masasi
2 Aprili 1957

Mdogo wangu Sikudhani,

Marahaba. Sisi wazima, ila Ambrosi kajipiga nyundo kidoleni na ananuna kana kwamba nyundo niliishika mimi. Stamili hajambo. Anaandika vizuri kuliko mimi na ananisahihisha mbele za watu, tabia ambayo najua kaitoa wapi.

Barua yako niliwasomea wenzangu baada ya sala ya jioni. Walipiga vigelegele. Ila ulipokuja ulituambia kwamba wewe ungetia mchanga chunguni, mafuta yaingie mchangani na moto usiruke. Tulikuona mshamba. Sasa tumejaribu, na kweli hakuna aliyeungua nyusi tena. Hiyo ni yenu, tumeipokea. Nawe mwambie Bimdogo aanike kwanza hadi ngozi ya ndani ikauke, ndipo amenye. Akimenya mbichi punje zinakatika na hakuna atakayenunua vipande.

Jambo moja halinipendezi, huko kujificha. Sisi huku tunabangua mchana, mlango wazi, tunapiga kelele hadi majirani wanatulalamikia, na hakuna anayejiuliza tunafanya nini. Mwambie Bimdogo azungumze na mumewe. Akiona aibu, wewe zungumza. Mdomo unao.

Dada yako,
Lois


Kitangari
19 Mei 1957

Dada Lois,

Shikamoo. Kwanza pokea punje nilizompa dereva wa lori. Akisema zimemwagika njiani, mwangalie mashavu.

Biashara inakwenda, dada. Newala bomani wananunua makarani, na wauguzi wa misheni wanangoja siku yetu. Scholastika kanunua kanga mpya na kumdanganya mumewe kwamba kapewa na mama yake. Tumekubaliana kwamba mmoja akiugua tunambangulia fungu lake. Mwenzetu mke wa fundi cherehani alipojifungua, hatukumwacha atoke patupu.

Lakini kuna jambo la kuchekesha, nikwambie. Alfani alikuwa anarudi matangani alfajiri, akapita nyuma ya ua wangu kwenye ukungu. Akaona watu weupe wameinama, hawasemi, wanafanya kazi. Alikimbia na kiatu kimoja! Sasa anatangaza kwamba mimi nafuga ndondocha. Eti nawafufua wafu, nawakata ulimi, wananifanyia kazi nami nawalisha pumba, ndiyo maana mjane kama mimi nina korosho nyingi zilizobanguliwa. Na mkewe mwenyewe alikuwa mmoja wa hao wafu! Tulicheka hadi Bimdogo akashika mbavu.

Juzi nimekuta pumba zimemwagwa mlangoni pangu. Nimewapa kuku.

Mdogo wako,
Sikudhani


Masasi
1 Juni 1957

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima. Punje zimefika nusu, na mashavu ya dereva nimeyaona.

Sikucheka, Sikudhani. Nimeisoma barua yako mara mbili. Wewe na mimi tumezaliwa huko juu. Unakumbuka yule mzee aliyechomewa nyumba tulipokuwa wadogo, kwa sababu tu shamba lake lilistawi mwaka ambao ya wenzake yalikauka? Watu hao hawakuwa wabaya. Walikuwa majirani zetu, waliokuwa wakitupatia ndizi.

Nakusihi, fanyeni kazi mchana. Waambie wenzako waseme, leo, maneno yakiwa bado mabichi. Bimdogo amwambie mumewe, “Mtu uliyemwona ni mimi.” Ni sentensi fupi. Kama hataki, acha korosho zioze, panda lori, uje kwangu. Chumba kipo. Ambrosi mwenyewe kasema uje, naye unajua si mtu wa kusema mambo ovyo.

Stamili sijamwambia kitu.

Dada yako,
Lois


Kitangari
30 Juni 1957

Dada Lois,

Shikamoo. Nasema mimi mzima kwa sababu mwili hauumwi.

Ulisema kweli, na mimi sikuwahi. Baada ya barua yako niliwaambia wenzangu tuseme. Bimdogo alilia. Alisema Alfani kashamtangazia kila mtu, na sasa akionekana mjinga mbele ya watu atamwacha. Akaomba tungoje kidogo. Tukangoja.

Basi unamkumbuka Mzee Dadi, aliyefiwa na binti yake Adija wakati wa mvua? Alfani kamwambia kwamba miongoni mwa wale weupe yupo mmoja mrefu, anatembea kama Adija. Ni Scholastika huyo, dada. Asubuhi moja tulikuwa tumeinama kazini, ukungu umejaa, mara tukasikia sauti nyuma ya ua. “Adija. Adija mwanangu. Ni mimi baba yako.” Mzee wa watu, amesimama kwenye umande peku. “Wamekufanya nini, mama? Itika tu.”

Hakuna aliyeitika. Kila mmoja aliogopa sauti yake isitambulike. Scholastika alikuwa anamwangalia na machozi yanamchirizika kwenye majivu, na kitambaa kinywani. Ilitosha kukivuta chini na kusema, “Si mimi, mzee, mimi ni Scholastika.” Hata mimi ningetosha kusema. Mdomo ninao, ulishaniambia. Nikakaa kimya kama wengine, na yule mzee akaenda zake akijua kwamba mwanawe amemwona na hana ulimi.

Tangu siku hiyo hakuna anayeniitikia salamu njiani kwenda kuteka maji. Fisi wamefukua kaburi la Adija, nalo wamelihesabu kwangu. Sasa wanaume wamechanga, wamemwita mganga kutoka ng'ambo ya Ruvuma, jina lake Lukmani, aje kusafisha kijiji. Jumbe ameridhia.

Usiniambie nikimbie. Nikikimbia nimekiri, na mikorosho aliyoniachia marehemu watagawana kabla lori halijafika bondeni. Halafu nina wenzangu. Safari hii wameapa wote, hata Bimdogo. Siku ya mganga watasimama mbele ya kijiji kizima waseme ni wao. Nimewaamini, dada. Nisipowaamini hao, hiyo kazi tuliifanyia nini pamoja?

Mdogo wako,
Sikudhani


Masasi
8 Julai 1957

Sikudhani mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Leo sina salamu ndefu.

Ninakuja. Nakuja na wenzangu sita na vyungu vyetu. Tutakaa katikati ya uwanja wenu mchana kweupe, tujipake majivu, tukaange na kubangua watu wote wakitazama, tukiongea kwa sauti, hadi asiye na akili naye aelewe. Padre kasema atatuombea na nimemwambia asante, lakini nauli pia ingesaidia. Kacheka, katoa.

Lori la kuja huko limeharibika, wanangoja kifaa kutoka Lindi. Wanasema Jumamosi litatembea. Mpaka tufike, usitoke nyumbani. Wakikuita, sema unaumwa. Wakisema mganga yuko tayari, sema wewe huko tayari. Na chochote watakachokupa, Sikudhani, usinywe.

Stamili kaniuliza mbona najifungia chumbani na barua zako. Nimemwambia ni mambo ya biashara.

Dada yako anayekupenda,
Lois


Kitangari
9 Julai 1957

Dada Lois,

Shikamoo. Sijui kama umeniandikia, lori halijaonekana. Barua hii nampa mtu wa baiskeli anayeshuka Masasi.

Lukmani amewahi. Si mzee wa kutisha kama nilivyodhania. Ni kijana nadhifu, kavaa kanzu nyeupe, anaongea taratibu. Leo asubuhi kijiji kizima kiliitwa.

Dada, walisimama! Nataka ulijue hilo kwanza. Bimdogo alisimama wa kwanza, akasema mbele ya Alfani, “Watu wa alfajiri ni sisi. Hakuna wafu. Tunabangua korosho.” Scholastika akasimama, na wale wawili wakasimama. Nililia kwa furaha. Nilijua yamekwisha.

Lukmani hakukasirika. Akawaita karibu kwa upole. “Poleni, mama zangu. Asubuhi mnaamka mmechoka?” Wakasema ndiyo, wanachoka. “Mikono inauma?” Wakaonyesha malengelenge ya mafuta. “Na ninyi waume, mliwahi kuwaona wake zenu wakitoka?” Waume wakasema hapana, hawakuwaona, wao waliona tu wake zao wanasinzia mchana. Mume wa Scholastika akasema hata kanga imetokea nyumbani, na mama mkwe kakana kuitoa.

Basi Lukmani akawageukia watu. Akasema, mmewasikia wenyewe. Adija kafukuliwa, na hawa walio hai wanachukuliwa wakiwa usingizini na kufanyishwa kazi, kisha wanarudishwa. Na anayefanyishwa kazi usingizini daima anadhani alikwenda kwa hiari yake.

Watu wakashusha pumzi, dada. Waliridhika. Hata mimi nilisikia jinsi maneno yale yalivyokaa vizuri. Kila kweli waliyoisema wenzangu aliichukua, akaipanga upande wake.

Wamewanyoa nywele pale pale na kuwapa dawa ya kuwafungua. Mimi zamu yangu ni kesho, huko chini bondeni karibu na maji, kwa sababu eti mwenye kosa hanyweshwi mahali wanapolala watoto. Jioni hii Bimdogo kaja mlangoni, kichwa cheupe, kanisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo, “Mama Stamili, niambie kweli. Nilikuwa nakuja mwenyewe, au ulikuwa unanileta?”

Nimemwambia, “Ulikuwa unakuja mwenyewe, Bimdogo. Ulikuwa wa kwanza kufika kila siku.” Akanitazama sana. Hakusema ameamini.

Ninaogopa, dada. Sikutaka kuandika hilo lakini ndivyo ilivyo. Mwambie Stamili asome.

Mdogo wako,
Sikudhani


Kitangari
14 Julai 1957

Sikudhani mdogo wangu,

Nakuandikia kutoka nyumbani kwako, nimekaa kitandani kwako. Barua hii sijui nitampa nani aipeleke, lakini hakuna aliyeniambia niache kukuandikia.

Barua ya mtu wa baiskeli niliipata, na jana tulifika. Uani vyungu vimepasuliwa. Nimeuliza nyumba kwa nyumba. Jumbe anasema ulitoroka usiku ukavuka Ruvuma. Alfani anasema ulishuka bondeni kwa miguu yako, ukanywa, ukasema umepata nafuu, ukaondoka. Mzee Dadi anakaa kaburini kwa mwanawe na anaonekana amepumzika, na ni hilo lililoniogopesha kuliko yote. Lukmani ameshakwenda kijiji kingine. Wenzangu wawili wameshuka njia ya maji wamerudi hawakukuona, ila wameona njia imefagiliwa, haina hata unyayo.

Nimekwenda kwa Bimdogo. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Nikamwambia, mimi ni dada yake Mama Stamili, niambie mlimfanyia nini. Akasema, “Shikamoo dada. Sisi hatujui. Sisi wakati huo wote tulikuwa tumelala.” Scholastika hivyo hivyo. Wale wengine hivyo hivyo. Wamelala, wamelala. Hawana uso wa mtu anayedanganya, Sikudhani.

Kesho alfajiri wawili watakwenda boma la Newala kutoa habari, tuone Serikali itasemaje. Mimi na wanne tunabaki. Tumeomba vyungu kijijini tumenyimwa, tutatumia vya kwetu. Tutawasha moto uani kwako jua likiwa juu, tujipake majivu, na hatutafunga vitambaa vinywani, moshi utukohoze tu. Tutawaita wale wanne kwa majina yao, kila mmoja, kwa sauti, hadi waje au watufukuze. Nimewauliza wenzangu kama wanaogopa. Wamesema wanaogopa. Hakuna aliyefungasha.

Giza linaingia. Nje ya ua kuna mtu amesimama tangu jua lilipozama, simwoni uso. Nimemwita mara mbili nikamwuliza ni nani. Haitiki.

Kama ni wewe, ingia.

Dada yako,
Lois