Baridi Iliyolala Ndani ya Tela Letu

Mpendwa Baba Kulwa,

Ungekuwa hapa, ungeniuliza habari za tela kabla ya kuniuliza habari zangu. Basi nianze nalo. Nyumba yetu hii ya magurudumu bado inatembea. Mdogo wako Masanja analivuta kwa pikapu yake, nami nachanja kuku kama tulivyokuwa tukichanja pamoja, kuanzia vijiji vya Mhunze hadi huku karibu na migodi ya Bulyanhulu. Nilichobadilisha ni kimoja tu: betri ya ndani, ile inayochajiwa na sola ya paani, ikalisha taa na friji ya chanjo. Mambo ya kila siku nayaandika kwenye shajara na tarehe zake, unanijua. Hili lilizidi shajara, nikaona nikuandikie wewe.

Unaikumbuka betri yetu ya zamani? Uliiweka chini ya kitanda, tukailalia kama yai. Kila Jumamosi ulifungua vifuniko vyake, ukachungulia kwa tochi, ukaniita, "Mama Kulwa, lete maji ya betri, mzee ana kiu." Asidi yake ilitoboa shuka zetu na ile suruali yako ya kanisani. Jua likizama ulizima taa na feni ili friji ipate kula, nasi tukala ugali kwa kupapasa. Siku moja nilichovya tonge kwenye kikombe cha chai, ukacheka hadi tela likatikisika. "Mboga iko kushoto, mke wangu. Hiyo ni ya kesho asubuhi."

Lakini kuna ile siku ya mawingu, katika kijiji hikihiki ninakokuandikia. Wanawake walikuwa wamekwisha kusanyika, kuku wakining'inia mikononi mwao. Ulifungua friji, ukasoma kipimajoto. Kisha ukatoka na chupa zote za chanjo, ukazimwaga mchangani mbele yao. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri. Ukawaambia, "Nikiwapa hii iliyopata joto, mtalala mkijua mna kinga, na kideri kitawamaliza kuku wote. Heri mnitukane leo." Walikutukana. Msimu ule ugonjwa wa kideri ulipita, na katika banda la Bibi Minza yakabaki manyoya matupu. Hata ulipokuwa mgonjwa, ulikuwa bado unalitaja banda lile.

Ndiyo maana nilipopata nafasi nilikwenda kwa fundi wa sola pale Ngokolo, akanifungia betri ya lithiamu. Alibadilisha na kidhibiti chaji, kwa kuwa kile cha zamani kingeichaji vibaya, akaweka nyaya nene zaidi. Akanionya, "Hii haifunguliwi, mama. Haina maji." Ile ya zamani mliibeba wawili, wewe na Masanja, mkihema. Hii niliinyanyua peke yangu. Nilisimama nayo pale dukani kama mtu aliyekabidhiwa kichanga bila kutarajia.

Masanja alipoipima mikononi alicheka. "Shemeji, umeuziwa boksi tupu. Betri gani haina kiu? Hata punda anakunywa."

"Usijali, shemeji. Wewe unakunywa kwa niaba yake."

Tulikuja huku mawingu yametanda njia nzima. Jioni nikafungua friji, nikakuta barafu. Barafu, Baba Kulwa! Zile chupa za maji nilizoziweka juu kwa majaribio zilikuwa ngumu kama mawe ya mgodini. Kwa betri yetu ile hatukuwahi kuona hata umande.

Usiku nililala kwa mke wa mwenyekiti wa kijiji, kwani alikataa mjane alale barabarani. Asubuhi niliporudi, wanawake walikuwa wameanza kufika, na friji ilikuwa kimya. Nikabonyeza taa. Haikuwaka. Nikamwita Masanja, naye akaja akitabasamu kama mtu aliyetenda wema.

"Niliizima betri jana jioni ipumzike. Imefanya kazi njia nzima, shemeji. Hata ng'ombe wa plau hufunguliwa."

Mlangoni alisimama Bibi Minza, kuku mweusi kwapani. Yeye alikuona ukimwaga.

"Na wewe utamwaga, mwanangu?"

"Sijui, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Fungua tuone."

Nilifungua. Kipimajoto kilikuwa katikati ya ile mistari miwili ya usalama uliyoichora kwa wino mwekundu. Nikakitoa, nikakifuta, nikakisoma tena. Barafu ya juu ilikuwa imeanza kuogelea ndani ya chupa zake, lakini ilikuwa bado barafu, na chini yake chanjo ilikuwa baridi salama. Betri ilikuwa imezimwa usiku kucha, na kazi yake ilikuwa bado inaendelea.

Bibi Minza alichukua chupa moja ya barafu, akaigusisha shavuni, akafumba macho. "Jua hatujaliona tangu juzi. Baridi yote hii mmeitoa wapi?"

Nikamwonyesha lile boksi chini ya kitanda. Akaliinamia, akaliambia, "Mwangaluka," vile tunavyosalimia watu asubuhi kwa Kisukuma. Safari hii Masanja hakucheka. Alinyoosha mkono mwenyewe, akawasha swichi.

Maelezo ya fundi ninayo, ningeweza kukuandikia yote. Hata hivyo kila nikiiwekea betri hii mkono, nikaikuta haina joto wala harufu, nabaki nimeduwaa. Na inaniuma kwamba wewe uliyelala juu ya asidi miaka yote hukuigusa hata kidogo.

Bibi Minza alikuwa wa kwanza. Alimlaza kuku wake ubavu mapajani, akamshikilia kichwa. Tone la chanjo likaingia jichoni, kuku akapepesa.

"Haya," akawaambia wenzake, "leteni."

Foleni ilifika barabarani, ikapinda. Tumemaliza sasa hivi, mume wangu, na hakuna aliyerudi nyumbani na kuku asiyechanjwa. Nilitaka uyasikie haya kabla sijanawa mikono.

Mkeo,
Mama Kulwa