Baba mkwe kwenye benchi la zahanati

Jumanne, Gehandu. Upepo wa leo umebeba vumbi la nusu ya Hanang na kulimimina kwenye chai yangu. Nimeinywa hivyo hivyo. Siku niliyoshinda kama leo, hata vumbi lina sukari.

Shajara, sikufichi. Nimelipiza kisasi, na sijatubu.

Wewe unanijua: Mmbulu wa Endagikot niliyeolewa kwa Wabarabaig, nikauza mitumba mnadani Katesh mpaka magoti yakaanza kulalamika, kisha, nikiwa na mjukuu mgongoni, nikaamua kwenda kusomea uuguzi. Chuoni wenzangu waliniita Bibi. Siku ya kwanza mkufunzi aliniamkia shikamoo, akaniuliza mwanangu anayeanza masomo yuko wapi.

Hayo niliyacheka. Lililonikaa rohoni ni la baba mkwe.

Siku ya kuaga alisema mbele ya ukoo mzima: "Mwanamke mwenye mjukuu anakwenda kukaa dawati moja na watoto! Huyo atadunga mbuzi. Mkono wangu mimi hataugusa, labda niwe maiti." Ukoo ukacheka. Mume wangu naye akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Huyo zamu yake inakuja.

Nilihitimu, nikapangiwa zahanati hii hii ya nyumbani. Sasa leo asubuhi nesi mwenzangu amekwenda vijijini kuchanja watoto, nimebaki peke yangu. Natoka nje, namwona baba mkwe mwenyewe kwenye benchi, kajifunika mgolole, mguu umefungwa kitambaa kilichokwisha kubadilika rangi. Mwiba ulimchoma, akaupuuza. Nikamwamkia, akaitikia akitazama chini. Nikakikagua kidonda: kimeanza kunuka, lakini hana homa. Anaweza kusubiri kidogo.

Kwa desturi ya kwao, mkamwana halitaji jina la baba mkwe. Hata neno linalofanana nalo unalikwepa. Miaka yote hii nimezungusha maneno mpaka mdomo umepinda. Na hapa zahanati mgonjwa huitwa kwa jina lililo kwenye kadi.

Ningeweza kusema, "Baba, karibu ndani." Ningeweza sana.

Nikachukua kadi yake, nikaitazama, nikairudisha mezani kwa heshima zote. Nikamwita aliyefuata. Na aliyefuata. Nikamwita hadi mama mmoja aliyefika akiwa bado anahema.

Mzee akauuliza ukuta: "Kwani leo hapa hakuna mtu?"

"Si huyo mkamwana wako?" bibi aliyekaa pembeni yake akamjibu.

"Mimi nauliza mtu wa sindano."

"Basi subiri wakuletee kutoka Katesh. Au jitaje mwenyewe, mdomo si unao?"

Benchi zima likacheka. Mimi nikaendelea kukunja bandeji ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa.

Halafu akashika fimbo yake kama mtu anayeondoka.

Hapo, Shajara, nikaiweka bandeji chini. Akirudi nyumbani na kidonda kile, kisasi changu kitamla mguu. Nilikwisha kufungua mdomo nimwite baba, yaishe.

Kumbe anajiinua tu. Akasimama, akavuta pumzi, akataja jina lake na la baba yake kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza mwalimu anapoita mahudhurio. Kisha akaongeza, macho sakafuni: "Nesi, mguu wangu huu."

Nesi.

Nilimwosha taratibu, nikautoa ule mwiba, nikafunga vizuri kuliko nilivyowahi kufunga mbele ya wakufunzi. Sindano ya pepopunda nikamdunga mkononi, kwenye mkono ule ule. Nilitamani kumuuliza kama ameshakuwa maiti. Nikameza. Adabu ni adabu.

Nikamwambia kidonda kinatakiwa kusafishwa kila siku, na ni kweli. Ningeweza kumsafishia nyumbani jioni, maana boma lake na letu yanatenganishwa na uzio wa miiba tu. Hilo sikulitaja.

Kwa hiyo kesho asubuhi atakuwepo benchini, na watu watakuwepo. Nitachukua kadi yake, nitaitazama, nitainamisha kichwa kwa heshima.

Na nitasubiri.