Gurudumu la Pili ni la Uongo

Mpendwa Mama Scholastique,

Amahoro, amani iwe kwako. Nasoma ukurasa wako wa ushauri kila wiki, hata gazeti linapochelewa kwa sababu ya barabara kufungwa, na leo nakuandikia mwenyewe kwa sababu nimefanya jambo ambalo siwezi kumwambia mama wala sista anayetufundisha hesabu, naomba uniongoze.

Nina miaka kumi na sita, nakaa Mutakura, mtaa wa kaskazini mwa mji, na baada ya masomo huenda kumsaidia mama sokoni Jabe, anakouza unga wa muhogo. Mwaka jana nilikuwa nimebeba mfuko wa unga nilipomwona Chabani, fundi wa baiskeli, anakuja katikati ya watu akiwa juu ya gurudumu moja tu, hana usukani, hana gurudumu la mbele, mikono ameiachia hewani, kichwa chake juu ya vichwa vyote, anazunguka akina mama na ndoo zao bila kumgusa hata mmoja, na soko lote likageuka kumtazama, hata waliokuwa wakibishana bei. Kisha kijana mmoja akapiga kelele: "Eh Chabani, muligawana baiskeli na nani? Nusu ingine iko wapi?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, Mama. Nilisimama pale mpaka mama yangu akaniita mara tatu, kwa sababu kwa yote niliyofundishwa darasani kitu kile kilipaswa kuanguka, na hakikuanguka.

Nilimwomba Chabani anifundishe. Alikuwa ameiunda mwenyewe kutoka baiskeli ya mbeba ndizi iliyogongwa na lori, akachomelea pedali kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, hakuna mnyororo, hakuna breki, miguu ndiyo inayosukuma na miguu ndiyo inayozuia. Miezi miwili nilianguka tu. Yeye alikuwa akisema, "Usiangalie chini, mutoto, kule umeshafika mara mingi." Tulifanya mazoezi Zone Industrielle, eneo la viwanda, kwenye uwanja wa ghala ambalo halina bidhaa siku hizi, na siku milio ya risasi ikisikika upande wa vilima hatukwenda, na siku nyingine zote nilihakikisha nimefika nyumbani mapema ili mama asiogope. Pale ghalani kuna ngazi kumi na nne za saruji. Siku niliyozishuka zote kwa mara ya kwanza, nimesimama juu ya pedali, mkono mmoja umeshika kiti, nikiruka ngazi moja moja, sikusikia woga wala furaha, nilisikia ukimya, kama kanisani kabla ya padri kuingia, na nilipofika chini niliona Chabani ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Baadaye, maktabani, niliona picha katika gazeti la Ufaransa: watu wanashuka mlima wenye mawe juu ya gurudumu moja, wamevaa kofia ngumu na namba kifuani. Niliitazama namba ile muda mrefu kuliko mlima. Maana yake kuna mahali ambapo mtu amekaa na kalamu anawapa pointi, na hakuna anayewaambia waende sarakasi.

Sasa, Mama, dhambi yangu. Kamati ya vijana imetangaza mashindano ya baiskeli ya michezo ya hatari, ya kwanza kukutanisha vijana wa mitaa ya kaskazini na ya kusini tangu mimi nikiwa mdogo, na yatafanyika pale pale Zone Industrielle: kushuka ngazi, kupita juu ya ubao uliolazwa kwenye mapipa, kuruka kreti za chupa. Tangazo linasema kila baiskeli iwe na magurudumu mawili na breki. Nilijua wakiona gurudumu moja watacheka kama sokoni. Nikamwomba Chabani aongeze kwenye baiskeli ile gurudumu la mbele na usukani, vyote vishikwe kwa bolti moja, pamoja na waya wa breki usioshika kitu, ili nipite ukaguzi, na siku ya mashindano nivitoe mbele ya watu wote na kuanza. Chabani alisema, "Kuchomelea mi nitachomelea. Kwa Mungu utajibu we."

Mzee Rénovat, mwenyekiti wa kamati, ndiye aliyekagua. Akauliza, "Mbona baiskeli yako imekonda hivi?" Nikasema, "Imetengenezwa nyumbani, mzee." Akanitazama akatabasamu, akasema, "Msichana ni we peke yako. Nilikuwa naomba aje hata mumoja." Akaliandika jina langu juu kabisa ya orodha.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikisema ukweli watanifuta, na katika mji huu nani anajua mashindano mengine yatakuwa lini? Nikinyamaza, nitashuka ngazi zile mbele ya watu elfu moja, na nadhani wakiona kile nilichokiona Jabe hawataweza tena kusema si mchezo. Je, ninyamaze mpaka siku hiyo?

Ni mimi, msichana wa Mutakura.

*

Binti yangu,

Majina yenu nimeyabadili, na jibu hili nimekutumia kwanza kwa anwani ya shule uliyoiandika kwenye bahasha, ili uwe umeshafanya ninayokwambia kabla ya mtu mwingine kusoma.

Nianze na ngazi kumi na nne. Mimi ni mama wa watoto watano, nimeona mengi katika mji huu, na mengi sikutaka kuyaona. Aya yako ya ngazi nimeisoma mara tatu, kisha nikamsomea mwenzangu Hyacinthe, ambaye ni mtu wa michezo na hasifu kitu. Aliweka kalamu chini, akauliza, "Msichana? Ngazi zote?" Basi ujue kwamba hatukucheki hapa.

Sasa nikugombeze. Unataka gurudumu moja liheshimiwe, na wewe ndiye wa kwanza kulionea aibu. Hakuna mtu wa kamati aliyekukatalia, kwa sababu hujamuuliza yeyote! Ulisikia kicheko cha sokoni ukakifanya hukumu ya Mzee Rénovat. Yeye aliomba msichana mmoja aje, ukaja, ukamdanganya usoni. Na ile furaha ya kutoa gurudumu mbele ya watu, umeifikiria kwa upande wake? Vijana wa kaskazini na wa kusini wamekubali kusimama uwanja mmoja kwa sababu wanaamini kanuni ni moja kwa wote. Akitokea mtu wa Mutakura amepita ukaguzi kwa hila, hawatazungumza habari za gurudumu. Watazungumza habari za Mutakura. Wewe umekulia hapa, sihitaji kukueleza zaidi.

Kwa hiyo usinyamaze. Alhamisi baada ya masomo nenda kwa Mzee Rénovat pamoja na Chabani, kwa maana na yeye ana la kujibu, na huyo Mungu wake asikuachie wewe peke yako kumjibu. Fungua ile bolti mbele ya mzee, mpe gurudumu mkononi, sema, "Mzee, nilikudanganya, naomba radhi." Usieleze sana. Usilie pia, machozi yatamfanya akuhurumie, na huruma sicho unachokitafuta.

Kisha omba mambo mawili. Kwanza, waamuzi wakuone ghalani kabla ya siku yenyewe, washindani wengine wakiwepo, na uwaonyeshe jinsi miguu inavyozuia, kwa sababu swali la breki ni swali la haki, na anayeliuliza si kwamba anakudharau. Pili, omba kundi la gurudumu moja, vizuizi vile vile, pointi zile zile, na Chabani ajiandikishe pia. Peke yako hushindani na mtu. Wakikujibu uje uchekeshe watu wakati wa mapumziko, umepakwa rangi puani, shukuru kwa adabu na ukatae. Na uvae kofia ngumu, hata ya kuazima kwa mwenye pikipiki. Mama yako umwambie leo, kabla ya wote hao.

Wanaweza kukufuta. Siwezi kukuahidi hawatafanya hivyo, na wakifanya watakuwa na sababu, uliwapa mwenyewe. Itauma. Nenda hata hivyo siku hiyo, uwapigie makofi waliofuata kanuni. Jumatatu yake mchague msichana mmoja wa darasa lako umfundishe, halafu mwingine wa Jabe, halafu mwingine wa kusini. Msichana mmoja kamati inaweza kumfuta kwa kalamu. Wakija wanane, wamesimama mlangoni na magurudumu yao manane, mzee atalazimika kutafuta karatasi nyingine.